Chuma cha Eda, Maua ya Festo

1

Hasira ya Eda Nyagawa haikuwa ya makelele. Ilikuwa hasira ya kukunja. Asubuhi ile alikunja kitenge, akakunja sweta, akakunja na mataulo ambayo yalikuwa yameshakunjwa tangu juzi, na alipokosa cha kukunja nyumbani mwake akajaza uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akachagua maparachichi mawili laini, akatoka kwenda hospitali kumwona Lwitiko.

Lwitiko Mbwilo alikuwa fundi wa minara ya upepo inayofua umeme pale Ludunda, kijana mwembamba, mwepesi wa kupanda ngazi na mwepesi wa maneno. Sasa alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, blanketi la kijivu limemfika kifuani, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya blanketi, umefungwa bandeji. Bandeji ilikuwa fupi. Iliishia pale ambapo kiganja kingeanzia.

"Kamwene, dada Eda."

"Kamwene, mdogo wangu. Umelala?"

"Nimelazwa. Kulala bado."

Eda akacheka kidogo, kwa sababu aliona Lwitiko anataka acheke. Akamimina uji, akaupoza kwa kuuhamisha kutoka kikombe hiki kwenda kile, kisha akamshikia. Lwitiko akanywa, akajifuta mdomo kwa mkono wa kushoto, akaukosa mdomo akafuta shavu.

"Jana walikuja watu wa shirika la umeme," akasema. "Wakaniuliza, kabla hujapanda mnara wa nne ulizungumza na nani redioni. Nikawaambia nilizungumza na kaka Festo. Nilisema napanda, akanijibu nimefunga breki. Wakatazamana. Halafu mmoja akaniambia kwa upole kwamba maumivu huwa yanachanganya kumbukumbu. Ati Mtambuzi, ile mashine ya macho, amesema kiti cha zamu kilikuwa na mwanamke."

"Ukasemaje?"

"Nikawauliza, mwanamke gani huyo anayekohoa kama trekta linalogoma kuwaka? Hawakucheka."

Eda akaweka kikombe chini. 

"Mimi najua hukuwa wewe," Lwitiko akaendelea. "Tulipishana getini, wewe unatoka zamu, na pale kwa mlinzi ulikuwa umeacha debe la mahindi la kupeleka mashineni. Lakini wanasema mdomo haupindui jicho, alichoona Mtambuzi hakipingwi kwa maneno. Watakuondoa kitini. Halafu wanasema..."

"Sema tu."

"Wale wasichana wa chuo waliokuwa waje kujifunza kazi ya kiti. Hawatapokelewa. Ati imethibitika."

"Imethibitika nini?"

Lwitiko alitazama dirishani, kwa aibu, kana kwamba maneno yalikuwa yake. "Ati mwanamke akiwekewa maua mbele yake anasahau kwamba kuna mtu juu."

Eda akafunga chupa ya chai. Akaifunga mpaka kifuniko kikalia.

2

Sasa ili mtu aielewe hasira hiyo inabidi aingie kwanza katika chumba cha zamu cha Ludunda, akikalie kile kiti cha kuongozea minara.

Zamani watu walifungua kompyuta zao kwa nywila. Nywila zikaibwa. Wakahamia vidole, vidole vikaigwa kwa gundi. Wakahamia sura na sauti, na huko ndiko kulikoharibika vibaya kuliko kote, maana ilifika wakati mtu anapigiwa simu na mama yake ambaye amekwisha kumzika, naye mama anaomba atumiwe chochote. Ndipo wataalamu wakasema kwamba kuna kitu kimoja mwizi hawezi kukiiba, nacho ni kile ambacho jicho linakipenda. Mtu akitazama picha inayompendeza, mboni inapanuka kidogo, upana wa unywele, halafu inatulia kwa namna ambayo mwenyewe haijui wala hawezi kuiigiza. Basi kila kompyuta ya kazi ikawekewa Mtambuzi. Unakaa, unapandisha kwenye kioo picha unayoipenda, ile ya kukaa nyuma ya kazi zako siku nzima, Mtambuzi anakutazama unavyoitazama, anajua ni wewe, anakufungulia.

Pangeishia hapo pasingekuwa na ubaya. Lakini waliomtengeneza Mtambuzi walikuwa na haraka ya kuuza, na macho ya watu ni mengi mno kuyajua moja moja. Wakatengeneza makapu mawili. Maua, watoto wa paka, mawingu ya waridi na vikombe vya chai vinavyotoa mvuke vikatiwa kapu la wanawake. Mashine, magari, simba, majabali na anga la giza vikatiwa kapu la wanaume. Kiti chenye watu wengi kilisomwa kwa taabu, ila kiti chenye mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kilisomwa kwa raha kabisa. Picha ya maua ni ya mama, picha ya chuma ni ya baba. Hakuna aliyeulizwa.

Na kiti cha Ludunda kilikuwa na mwanamke mmoja, Eda, na mwanamume mmoja, Festo Kyando.

Picha ya Eda ilikuwa giaboksi ya trekta iliyopasuliwa katikati ili watu waone ndani. Meno ya chuma yamelaliana, gurudumu dogo limeegemea gurudumu kubwa, na grisi imejikusanya kwenye kona kama asali iliyoganda. Eda aliweza kuitazama picha hiyo mpaka chai ipoe. Watu walimuuliza kama baba yake alikuwa fundi. Baba yake alikuwa mwinjilisti, baiskeli yenyewe ilimshinda. Aliipenda tu.

Picha za Festo zilikuwa maua. Wiki hii waridi lenye umande, wiki ijayo yungiyungi, mara nyingine shamba zima la pareto limechanua mpaka mlima haukuonekana. Wala si kwamba Festo alikuwa mtu wa bustani. Nyumbani kwake hakupanda hata ua moja, na kabichi alipalilia mke wake. Alipenda kuyatazama, basi.

Pale Ludunda walikuwa na desturi yao ya kuachiana kiti. Anayetoka hasimami mpaka anayeingia amemwekea mkono begani. Kisha anayetoka anautaja kila mnara na hali yake, na anayeingia anarudia kwa mdomo, neno kwa neno, kama watoto wa ubatizo. Hapo ndipo mmoja anashusha picha yake na mwenzake anapandisha ya kwake. Daftari la mahudhurio lilishaondolewa, maana Mtambuzi alikuwepo, na zamu Eda na Festo walibadilishana wao kwa wao kama majirani wanaoazimana chumvi. Kwa hiyo aliyejua nani alikuwa kitini lini alikuwa Mtambuzi peke yake, naye alikuwa anajua kinyume.

Waligundua mwaka ule wa tufani, wakati mnara wa saba ulipotaka kung'oka na Eda akaupigania, mapanga yake, yale mabawa yanayozunguka, akayageuza kidogo kidogo dhidi ya upepo mpaka ukatulia. Likaja shirika na cheti kwenye fremu. Cheti kilikuwa na jina la Festo, na chini yake maneno haya: kwa ujasiri wa kiume.

"Tukiwaambia ukweli watatunyoosha wote wawili," Festo alimnong'oneza siku ile, cheti kikiwa mikononi kama mtoto wa mtu mwingine.

Alisema kweli. Sheria ilisema jicho lisilofanana na mwenyewe ni jicho lililopinda, na jicho lililopinda ni mlango ulioachwa wazi kwa wezi. Lilipelekwa Chumba cha Kunyoosha. Eda akanyamaza. 

3

Festo aliishi nyumba ya matofali ya kuchoma karibu na kanisa. Eda alimkuta mke wake barazani, Mama Tumaini, anamenya viazi, maganda yanateremka marefu bila kukatika.

"Kamwene, wifi. Karibu."

"Kamwene, wifi. Yupo?"

"Yupo kama hayupo. Tangu siku ile hali, hasemi, anapasua kuni tu. Tazama mlima huo. Kuni za mpaka mjukuu aolewe."

Festo alikuwa nyuma ya nyumba, mtu mnene, mpole, mwenye kikohozi chake kile. Alipomwona Eda akaweka shoka chini, kisha akaliokota tena ili mikono ipate cha kushika.

"Dada Eda."

"Nilikwambia nini wakati nakuachia kiti?"

Festo akaligeuza shoka mikononi. "Wa nne, Lwitiko atapanda. Ukiufunga usiufungue mpaka ashuke."

"Ukarudia?"

"Nikarudia. Na nikafunga, Mungu anaona. Alipokuwa juu, mjini wakapiga simu, wanataka umeme, upepo nao umekuja mzuri. Breki inatakiwa kufunguliwa mnara mmoja mmoja. Mimi nikafungua zote kwa mara moja ili nimalize, mashine ikaanza kuzunguka, ikamkamata mkono. Nilisahau, dada. Nilisahau tu kama mtu anavyosahau ufunguo mlangoni."

"Basi kaseme hivyo hivyo mbele ya kamati."

"Nikisema nilikuwa kitini wataniuliza mbona kioo kilikuwa na maua."

"Utawaambia ni yako."

Festo akakohoa muda mrefu. "Sikiliza dada," akasema. "Wewe watakuhamishia mapokezi tu. Utakaa, utapokea wageni, utarudi nyumbani na macho yako. Mimi watanichukua macho."

Eda alikuwa amejiandaa njiani kusema mambo mengi kwa utaratibu. Neno moja likayamwaga yote.

"Tu?" akasema. "Mapokezi tu? Festo, tufani niliizuia mimi, cheti kiko ukutani kwako. Nikakaa kimya. Nikaja hapa kwako Krismasi nikala wali nimekaa chini ya cheti changu mwenyewe, na mkweo akakisoma kwa sauti, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi. Sasa umemkata kijana wa watu mkono, na huo mkono nao unataka nibebe mimi. Kizuri changu kiwe chako, kibaya chako kiwe changu. Na wasichana wa chuo wafungiwe mlango kwa sababu yako. Halafu unaniambia tu."

 Machozi yalimteremka Festo, naye hakuyafuta, na hilo nalo likamuudhi Eda, maana mtu anayelia ni vigumu kumpiga.

Mama Tumaini alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kisu mkononi.

"Mnadhani sijui?" akasema. "Mwanamume huyu akienda duka la pembejeo anachelewa kurudi kwa sababu ya kalenda yao ya maua. Nimemwachia. Wengine waume zao wanachelewa kwenye pombe ya ulanzi." Akamsogelea Eda. "Wifi, Mwalongo jirani yetu ulimwona aliporudi kunyooshwa. Anakula, analima, ana afya. Mke wake alivaa gauni jipya akamuuliza, limenipendeza? Akamjibu, ni gauni. Mtoto akamletea mchoro wa shule. Akasema, ni karatasi. Mimi sililii kazi yake, na kama kuna jela ya breki aende, nitampelekea chakula. Nalilia hayo macho. Usinipelekee mume huko."

Hapo ndipo Eda alipokosa pa kuiweka hasira yake. Alimtaka Festo aadhibiwe kwa breki. Hakutaka aadhibiwe kwa maua. Lakini vitu hivyo viwili watu walikwisha kuvifunga kamba moja, na ukivuta kimoja kinakuja na kingine. Akinyamaza, yeye anabeba mkono wa Lwitiko maisha yake yote na wasichana wanafungiwa nje. Akisema, mtu mpole anakwenda kufanywa ukuta, na yeye nyuma yake.

"Si mimi niliyefunga hiyo kamba, wifi," akasema mwishowe.

"Lakini wewe ndiye utakayeivuta."

Eda akamgeukia Festo. "Mdomo haupindui jicho, lakini jicho linapindua jicho. Watakuwa na kiti cha kupimia macho pale kwenye kamati. Mmoja wetu atakaa. Nataka uwe wewe, kwa miguu yako mwenyewe."

Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwao halifanyiki.

4

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa shirika. Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Chaula, mwanamume msafi, mwenye sauti laini, na ulaini huo ndio uliomchoma Eda kuliko matusi.

"Mama Eda, hakuna anayekulaumu," alisema. "Haya ni maumbile. Jicho la mwanamke linapumzika kwenye maua, na jicho likipumzika, mkono unasahau. Kosa ni letu sisi tuliokukalisha pale. Utakwenda mapokezi, na kioo cha kule ni kikubwa zaidi, utaweka maua kadiri utakavyo."

Watu wakacheka. Walicheka vizuri, bila ubaya, kama watu wanaomchekea mtoto.

Mama mmoja wa kamati, mwenye kilemba cha zambarau, hakucheka. "Ungeweka hata picha ya mnara, mwenzetu," akasema. "Umetuaibisha."

"Picha ile si yangu," Eda akasema.

"Ni ya nani?" Chaula akauliza.

Festo alikuwa amekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Alikuwa amevaa koti la harusi na viatu alivyovipiga rangi mpaka vikang'aa. Eda akamtazama.  Festo akatazama viatu.

"Naomba kiti cha kupimia," Eda akasema.

Chaula akakunja uso kidogo. "Kile ni cha watu wanaotiliwa shaka, mama. Si cha watu kama wewe."

"Mmenitilia shaka tangu asubuhi. Leteni."

Kiti kikasukumwa mpaka katikati. Kilikuwa kama kiti cha daktari wa meno, na mbele yake kioo kipana. Eda hakukaa mara moja. Alikwenda mpaka benchi la nyuma, akasimama mbele ya Festo, akaongea kwa sauti ya kawaida ambayo hata hivyo kila mtu aliisikia.

"Kaka Festo, kiti kiko wazi."

Festo alifungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Eda akamngoja mpaka kikohozi kikaisha, na baada ya kikohozi hakukuwa na kitu. Basi akageuka, akaenda, akakaa mwenyewe.

Picha zikaanza kupita. Paka. Simba. Waridi. Mto. Mtoto anacheka. Jabali. Yungiyungi. Kisha, katikati ya hizo, ekseli ya lori imefunguliwa, gololi zake za chuma zimepangwa kwenye duara, kila moja imebeba nukta ya mwanga. Eda hakufanya lolote. Alitazama tu. Lakini mboni zake zilifanya kile ambacho mboni hufanya, na Mtambuzi akasema kwa ile sauti yake ya adabu: mwanamume, mtumishi wa kiti cha Ludunda, zamu ya chuma.

Wakacheka tena. Kisha kicheko kikaanza kupungua, mtu mmoja mmoja, kadiri kila mmoja alivyofika mwisho wa hesabu. Kiti cha Ludunda kina watu wawili. Kama huyu ndiye chuma, maua ni nani? Vichwa vikageuka kuelekea benchi la nyuma, vyote, kama mapanga yanapokamata upepo.

"Ina maana," Chaula akasema polepole, "ile tufani..."

"Ile tufani nilikuwa mimi."

Eda alidhani hapo ndipo kila kitu kitaanguka. Aliwaona wakiinamiana, wananong'ona, yule mama wa kilemba anatikisa kichwa. Walipoinuka Chaula alikuwa na uso wa mtu aliyeokota funguo zake.

"Kamati inakufutia kosa la breki, mama Eda. Tunakuomba radhi. Na tunaona kwamba Mtambuzi hakukosea hata kidogo. Aliyezuia tufani ana jicho la kiume. Aliyesahau fundi juu ya mnara ana jicho la kike. Makapu yamesimama palepale. Tulichokosea ni majina."

 Eda akainuka kutoka kwenye kiti cha kupimia.

"Na wasichana wa chuo?"

"Hao watapimwa jicho. Wenye maua hawataingia. Ni kwa usalama wa mafundi."

"Breki haikufunguliwa na jicho," Eda akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa imekunjwa mara nyingi, na sasa ilikuwa inakunjuka. "Imefunguliwa na kidole. Kidole cha mtu aliyekuwa na haraka. Mhandisi, wewe hujawahi kuwa na haraka? Kioo chako wewe kina nini, tukupime? Mimi nimekuwa na giaboksi mbele yangu siku zote hizo, na nimewahi kusahau chungu jikoni mpaka nyumba ikajaa moshi. Mbona hamjasema chuma kinasahaulisha?"

"Mama Eda, tafadhali."

"Ni kweli nilikuwa na haraka."

Hiyo ilikuwa sauti ya Festo. Alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa benchi la mbele yake. Koti la harusi lilikuwa limembana mabegani.

"Nilifungua breki zote kwa mara moja kwa sababu nilikuwa na haraka," akasema. "Lwitiko alikuwa juu na niliambiwa na dada Eda kwamba atapanda. Andikeni hivyo, jamani. Lakini maua mnayasingizia. Asubuhi ile sikuyatazama hata mara moja. Ningeyatazama ningetulia, na ningetulia ningekumbuka."

Mwandishi wa kamati alimtazama Chaula, aandike au asiandike. Chaula akaonyesha kwa kidole kwamba aandike ile sehemu ya kwanza.

Kisha akasoma uamuzi. Festo Kyando, breki, kufukuzwa kazi. Festo Kyando na Eda Nyagawa, macho yaliyopinda, kunyooshwa wote wawili.

5

Asubuhi ya kunyooshwa, Mama Tumaini alikuwa getini na kapu la chakula. Eda alimpa kamwene. Mama Tumaini alimtazama, akahamisha kapu kutoka mkono huu kwenda ule, hakuitika. Eda akapita. Alijua angekuwa yeye angefanya vivyo hivyo.

Chumba cha Kunyoosha kilikuwa kisafi, kimepakwa rangi ya maziwa, na kulikuwa na viti viwili vilivyoelekeana na vioo viwili. Msichana mhudumu, mwenye sare ya bluu na sauti ya mtu aliyefundishwa kutabasamu, aliwafunga kamba laini kwenye vifundo vya mikono, akawabandika vijidude vya baridi kwenye paji la uso. Akawaeleza. Picha zitapita. Kila jicho litakapotulia pasipostahili, kijidude kitatuma ubaridi kidogo kichwani. Litakapotulia panapostahili, kitatuma joto tamu. Haiumi. Baada ya siku kadhaa jicho linajifunza lenyewe njia.

"Wengine wanasema ni kama kunywa asali," msichana akasema.

Kioo cha Eda kikajaa waridi. Kioo cha Festo kikajaa injini. Festo hakutulia, kiti kilikuwa kinalia chini yake.

"Dada Eda," akasema bila kugeuza kichwa, kwa sababu kichwa kilikuwa hakigeuki. "Nisamehe."

"Unaomba msamaha wa nini?"

"Wa yote."

"Hapana. Usinichanganyie," Eda akasema. Hasira yake ilikuwa bado ipo, nzima, ila kwa mara ya kwanza alijua kila kipande chake ni cha nani. "Breki kamwombe Lwitiko, na usiende mikono mitupu. Cheti utakitoa ukutani mwenyewe. Siku uliyotazama viatu na kuniacha nikae kitini peke yangu, hiyo ni yangu, na sijakusamehe, sijui kama nitakusamehe. Lakini maua hukunikosea mimi wala mtu yeyote. Kwa hayo usimwombe mtu radhi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi fumba macho."

Akafumba ya kwake kwanza. Giza lilikuwa jekundu, joto, la kwake mwenyewe. Upande wa pili kiti kikaacha kulia.

"Mama, fumbua macho," msichana akasema. "Baba, tafadhali. Haiwezi kuanza kama hamtazami."

Hawakufumbua.

"Mtaniletea matatizo. Nitawaita walinzi."

"Waite, mwanangu," Eda akasema. "Lakini kope ni zangu."

Msichana akabonyeza, akabonyeza tena. Mtambuzi akasema kwa adabu kwamba hakuna jicho. Akasema tena. Halafu akaanza kulitafuta, kama alivyotengenezwa kufanya. Kamera zake mbili zikageuka juu ya shingo zake nyembamba, zikapita juu ya kiti kimoja, zikapita juu ya kiti cha pili, zikafika kwa mtu wa tatu aliyekuwa amesimama katikati ya chumba, macho wazi, waridi upande wake huu na injini upande wake ule.

"Jicho limepatikana," Mtambuzi akasema. "Tafadhali tazama picha uipendayo."

Msichana hakusogea. Eda, gizani mwake, alisikia pumzi ya binti huyo ikikatika, ikangoja, na kisha akasikia viganja viwili vikipandishwa haraka kuziba macho.